Viti vya Mama Mwenyekiti

Viti vilikuja asubuhi, vinne, vya mninga, vichwani mwa vijana waliopaswa kuwa kwenye shamba la kijiji. Nyuma yao alikuja Tekla, mke wa mwenyekiti, kakumbatia redio, chupa ya chai ikining'inia mkononi.

"Wageni wa wilaya watapita kwako, Mama Limi," alisema. "Utawakalisha kwenye kinu?"

Ng'washi alicheka kwa aibu. Kweli, alikuwa na kigoda, kitanda cha kamba na cherehani, basi. Mumewe alifariki mwaka waliohamishiwa kijiji hiki cha Ujamaa nje ya Puge, na tangu hapo Limi na wadogo zake walikula kwa cherehani hicho. Mgeni akija, watu wa pale huazimana vyombo, wala hakuna aliyeona ajabu. Lakini Tekla, asiyetoa hata chumvi, leo kaleta mpaka godoro la sponji! Ng'washi alipiga goti kushukuru, machozi yakimlenga.

Wageni walifika jua likiwa kali. Mkubwa wao, Bwana Salmini, hakugusa chai. Alitumwa kusaka kupe: kaya zenye kipato kikubwa zinazonyonya wenzao.

"Kwa Ndugu Mwenyekiti tumekalia mkeka," alisema, akipapasa mkono wa kiti. "Chumbani mna jamvi na mtungi, basi. Huyo ndiye kiongozi! Na huku? Redio. Godoro. Cherehani. Mama, utajiri huu umeutoa wapi?"

"Si vyangu, baba. Nimeazima, isipokuwa cherehani."

"Umeazima kwa nani?"

"Kwa Mama Mwenyekiti."

Tekla, aliyesimama mlangoni, aligeuka kutazama kuku. Mumewe, Wenceslaus, akaangua kicheko kinene cha mtu aliyeshiba nyama.

"Mke wangu? Sisi tunaolalia jamvi? Loo, Mama Limi! Usitupake matope mbele ya wageni."

Ng'washi akawageukia majirani waliojaa uani. "Jamani, semeni basi! Redio hii si mnaisikia kwake kila jioni?"

Waliisikia sana. Hata lori lililobeba tumbaku ya kijiji kwa jina la shemeji ya mwenyekiti walilijua, na nyumba ya kupangisha kule Nzega iliyoandikwa jina la mkwewe. Mmoja alikohoa. Mwingine akachezea pindo la kanga. Ptu! Watu wazima, ndevu na mvi, wanaumeza uongo ule kama uji.

"Cherehani hiki ndicho chombo cha unyonyaji," Salmini alitamka. "Kuanzia leo ni mali ya wote. Na hivi vingine pia."

"Wanangu watakula nini, baba?"

"Watakula jasho lao, kama wenzao. Ndugu Mwenyekiti, utavitunza."

"Nitavitunza, Ndugu," Wenceslaus alijibu kwa unyenyekevu wa kutia kichefuchefu.

Gari la wilaya lilipotimua vumbi, vijana wale wale wakavibeba viti kurudi vilikotoka. Godoro likafuata, na redio. Cherehani kilikuwa cha mwisho. Limi alikimbia akining'inia kwenye mguu wa cherehani mpaka Tekla alipomkwanyua vidole.

Mwezi haujaisha, Ng'washi akaitwa kwa mwenyekiti. Kazi ya kujitolea, aliambiwa, haina ujira. Cherehani chake kilikuwa sebuleni, kati ya viti vya mninga, na redio ilikuwa ikibwata. Wenceslaus alitaka suti mpya. Anaitwa mkoani kupongezwa kwa kuwa na kijiji kisicho na tajiri hata mmoja.

Ng'washi alimzungushia futi kiunoni. Tumbo lilikuwa la moto, limelowa jasho, likinuka kitunguu na mafuta ya mbuzi. Tangu jana yeye na watoto walikuwa wamekula mlenda mtupu.

"Mifuko iwe mikubwa, Mama Limi," alisema, akichokonoa meno kwa njiti. Kinyama kikaruka, kikatua juu ya kitambaa.

Ng'washi alikifuta kwa kidole, akashona.