Njia ya Nywele ya Inspekta Pole

Kibanda cha Jicho kilikuwa cha kutengeneza fremu, lakini ukutani kulikuwa na picha moja tu. Ilikuwa jalada la jarida la zamani: Inspekta Pole, yule mwigizaji wa runinga aliyemwambia kila mwizi "pole" kabla ya kumtia pingu, amekaa juu ya boneti ya gari anatabasamu. Aliyempiga picha ile ni Jicho mwenyewe, miaka thelathini na mitano iliyopita. Tangu jarida lilipokufa, picha hiyo ndiyo iliyokuwa cheo chake chote.

Kwa hiyo hakuwahi kumwambia mtu kwamba aliikosea. Siku ya kuisafisha, mhariri akigonga mlango wa chumba cha giza kama anayetaka kuuvunja, Jicho aliuweka ukanda wa filamu kinyume. Kulia kukawa kushoto, kushoto kukawa kulia. Hakuna aliyeshtuka.

Kila Jumamosi alasiri mashabiki wawili walikuja na stuli zao kukumbushana michezo ya zamani. Jumamosi hiyo walikuja wamenuniana.

"Mzee Jicho, msikie huyu shemeji yako," Kinyozi alianza. "Ati Inspekta alinyolewa njia ya nywele upande wa kushoto!"

"Kushoto," alisema Fundi cherehani, dada mdogo wa mke wa Jicho. "Kila Alhamisi nilikuwa mbele ya runinga, pua imegusa kioo."

"Pua iligusa kioo, macho uliyaacha wapi? Mama, mimi nimenyoa mtaa mzima njia ya kulia kwa kufuata jalada hili. Mpaka mabwana harusi! Hata marehemu baba yako alizikwa na njia yangu."

"Ndiyo maana alionekana amekasirika."

Jicho alikuwa amebana misumari minne midomoni. Aligonga fremu kwa nguvu zaidi ya ilivyohitaji.

"Basi tumuulize mpiga picha mwenyewe, alikuwepo," Kinyozi alisema. "Na atakayekuwa mwongo asikanyage tena hapa Jumamosi."

"Sawa kabisa," Fundi akajibu, akavaa miwani na kuisogelea picha, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Kisha akauliza, "Shemeji, shati hili alilishona nani?"

Nyundo ikasimama.

"Mfuko wa kifuani uko kulia. Na vifungo vimekaa kama vya blauzi. Fundi wake ama alikuwa amelewa, ama..."

Hakumalizia. Alimgeukia Jicho, akamtazama usoni, na Jicho akajua kwamba ameshajua. Alingoja aumbuliwe.

Lakini Fundi alivua miwani, akaifuta kwa khanga polepole.

"Huenda nimechanganya," alisema. "Umri nao. Haya, msinisubiri Jumamosi ijayo."

Akainua stuli yake. Mwanamke ambaye hajawahi kukubali kushindwa hata na mvua!

Kinyozi akapiga makofi. "Nilisema mimi! Nilisema!"

Jicho alitoa msumari wa kwanza mdomoni. Akatoa wa pili. Wa tatu ulimchoma ulimi. Wa nne alipoutoa hakuwa na kisingizio tena.

"Ni kushoto," alisema. "Picha niliigeuza mimi, kwa bahati mbaya. Shemeji, weka stuli chini."

Mkono wa Kinyozi ulipanda wenyewe hadi kichwani, ukaipapasa njia yake, upande wa kulia.

"Mtaa mzima?" aliuliza.

"Mtaa mzima."

"Na mabwana harusi?"

"Na wao."

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka futi ikamdondoka shingoni. Kinyozi hakucheka. Alifungua mfuko wake, akatoa jarida lililokunjamana, akapekua kurasa kama mtu aliyeibiwa anayehesabu kilichobaki. Akakomea kwenye picha nyingine aliyoipiga Jicho, ya Bi Kope, mwigizaji aliyempenda tangu ujana: amefumba macho, kichwa nyuma, mkono kifuani.

"Na huyu? Hapa analia mumewe amekufa vitani. Mzee Jicho, niambie analia."

Jicho aliitazama picha. Akamtazama Kinyozi, kwa huruma.

"Alikuwa anataka kupiga chafya."

Fundi alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanamruka.

"Akapiga?" Kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mara tatu," alisema Jicho, akavuta kiti. "Ya tatu ilinipata usoni."