Meno ya Jentrix

Daktari aliyaweka meno manne kwenye kisahani cha bati, meusi kama mbegu za papai, na Nasambu akashindwa kuyatazama. Mwanawe Jentrix, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitatu, alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Sasa alimlalia mama yake begani, damu ikichirizika kwenye leso.

"Anakunywa nini akilala?" daktari akauliza.

"Maziwa ya kopo, yale mazito, matamu. Nayachanganya na maji, namwachia chupa mdomoni mpaka apitiwe na usingizi."

"Yale ni sukari, Mama, yenye maziwa kidogo. Yakilala mdomoni usiku kucha, yanakula meno. Nani alikuambia umpe?"

"Nesi," Nasambu akajibu, na papo hapo akajihisi mjinga.

Nesi huyo aliitwa Wamucii. Mwaka ule wa 1972, kila Jumapili alikuwa na meza yake sokoni Kibuye, gauni jeupe limepigwa pasi likasimama, kikofia kichwani, makopo yamepangwa kama askari wa gwaride. Nasambu, aliyekuja Kisumu kumfuata mumewe Wabwire, mfanyakazi wa reli, alimsikiliza kwa unyenyekevu kama asikilizavyo mahubiri. Mama mkwe wake alipoleta wimbi na omena, dagaa wa ziwani, kutoka Port Victoria, akasihi vitwangwe pamoja, mtoto apikiwe uji, Nasambu alishukuru kwa mdomo tu. Omena ile, nyama na mifupa yake yote, iliishia kwa kuku wa jirani. Alitaka mwanawe alelewe kitaalamu.

Hasira iliyomshika haikuwa moto wa mabua. Ilikuwa kaa la mgunga, na ilikesha naye hadi Jumapili.

"Karibu, Mama Jentrix," Wamucii akasema alipomwona akiipita foleni. "Mtoto amekua."

Nasambu alimgeuza mtoto awaelekee watu. "Fungua mdomo, mwanangu."

Jentrix akafungua. Ufizi wa mbele ulikuwa mtupu, mwekundu, kama wa kikongwe. Wanawake wakasogea kutazama. Mmoja akalirudisha mezani kopo alilokuwa ameshika.

"Wewe ni nesi wa hospitali gani?"

Wamucii akateremsha sauti. "Sijawahi kusema mimi ni nesi. Mimi nauza tu. Hii nguo nilipewa na kampuni."

"Hukusema," Nasambu akamjibu. "Ulivaa."

Hakuwa amewahi kuinua sauti mbele za watu, na sasa ilimtoka bila kutetemeka. "Ungekuja na leso kama mimi, ningekuuliza ulisomea wapi. Ningekubishia. Waliokushonea hilo gauni walijua hivyo."

Wamucii akaanza kuyapanga makopo ambayo tayari yalikuwa yamepangika. Nasambu aliitazama mikono ile ikibabaika, na chuki aliyokuja nayo ikakosa pa kutua. Wenye kosa hawakuwa pale. Walikuwa wamekaa mahali ambapo sauti ya mwanamke wa Kibuye haifiki. Kujua hivyo hakukumpoza. Kulimtia ndimu kwenye kidonda.

Foleni ikaanza kuyeyuka. Lakini msichana mmoja, mzazi mpya, alinunua makopo mawili akiangalia kando, akayafunika kwa kitambaa na kuondoka haraka.

Jioni Nasambu alitwanga omena aliyoinunua sokoni mpaka ikawa unga, akaichanganya kwenye uji wa wimbi. Jentrix alionja, akatema, akaililia chupa yake kwa kelele hata jirani akagonga ukuta. Nasambu akakaza moyo. Kijiko kilitemwa, kikafuata kingine, hata mtoto akameza kimoja, kwa kinyongo, machozi yakimlenga.

Jumapili iliyofuata meza haikuwepo. Alipouliza, aliyemjibu alikuwa Perez, muuza nyanya wa karibu na pale.

"Wamehamia Ahero," akasema. "Huko hakuna anayewajua."

Nasambu alipatazama pale pakavu ilipokuwa meza. Kisha akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akauliza basi la Ahero huondokea wapi.