Ubao Mmoja kwa Saa ya Kanisa

Mimi Emong sina subira na watu wa kamati, nasema mapema usije ukashangaa. Mwaka wa sitini na sita kanisa letu hapa Tororo lilipewa saa kubwa ya ukutani. Mitambo mizima, mishale mizima, lakini uso wake hauna hata namba moja. Mwenyekiti, Bwana Herbert, akanifuata kibandani kwangu, ninapoyeyusha pistoni kuukuu za malori na kutengeneza sufuria.

"Tunataka namba za Kirumi," akasema. "Zisipokuwa tayari Jumapili ya mavuno, saa inakwenda kanisa la Busia. Wale wana mafundi."

Hilo neno la mafundi linaniuma mpaka leo. Ilikuwa Jumanne. Kazi yangu ni hivi: nakandamiza kwenye mchanga ubao uliochongwa maumbo, nautoa, naacha mchanga ukauke, ndipo namimina. Kwa siku ni mara moja, basi. Mpaka Jumamosi ningemimina mara nne, na seremala alikuwa na nafasi ya kunichongea ubao mmoja tu, nao haubebi zaidi ya maumbo saba.

Nikaziandika namba zote kumi na mbili, nne nikiiandika IV kama tulivyofundishwa. Nikahesabu: I kumi na saba, V tano, X nne. Sasa ubao mmoja, mara nne, hiyo V ya tano itoke wapi? Na kumi na saba ni kaidi, huigawi kwa nne hata ulie. Nikakaa chini nikijua saa imekwenda.

Hapo ndipo alipoingia Truphena, mwalimu wa hesabu kutoka Busia upande wa Kenya, aliyekuja kuchukua sufuria ya shule.

"Mulembe, fundi," akanisalimu. "Mbona umenuna hivyo?"

Nikamweleza. Hakunicheka. Alichuchumaa pale pale kwenye majivu na gauni lake safi, akaokota kipande cha mkaa.

"Nne iandike kwa vijiti vinne," akasema, akachora IIII. "Haya, hesabu upya."

I ishirini. V nne. X nne.

"Zote zinagawanyika kwa nne bila kubakisha. Ubao wako uwe na X moja, V moja na I tano. Mimina mara nne, umemaliza."

Mimi ni mbishi, nikarudia hesabu nikitafuta kosa. Halikuwepo. Shuleni vigawo vilikuwa vya kunichapia viboko tu, kumbe ni kitu kizuri namna hii. Nilimpenda yule mwalimu kwa akili yake, na nasema hivyo hata mbele ya mke wangu Apolot.

Jumamosi jioni mimi na Truphena, aliyerudi kuiona kazi, tukazipanga namba zote sakafuni kanisani, chini ya saa. Hakuna iliyopungua, hakuna iliyobaki. Bwana Herbert akaja, akainama, akakunja uso.

"Nne gani hii? Nne ni IV, mtoto wa darasa la nne anajua. Hii haipandi ukutani. Saa inakwenda Busia."

Nilikuwa na nyundo mkononi, nikaiweka chini nisije nikafanya ujinga. Truphena akauliza kwa upole, "Samahani Bwana Herbert, sasa ni saa ngapi?"

Akatoa saa yake ya mfukoni, ile aliyopewa na baba mkwe, ambayo kila Jumapili lazima tuione. "Saa kumi kamili."

"Mshale mfupi umeelekea namba gani?"

Akatazama. Akaisogeza karibu na macho, akatazama tena. Vijiti vinne vilikuwa pale, vimekaa mfukoni mwake miaka yote hiyo.

Nilingoja visingizio. Mzee wa watu akavua koti, akalitundika mlangoni, akaenda kushika ngazi iliyoegemezwa ukutani.

"Panda, fundi," akasema.

Nikapanda. Namba ya kwanza kuipigilia ilikuwa ile nne, na mwalimu Truphena ndiye aliyekuwa akinipitishia vijiti vyake, kimoja kimoja.