Duara la Kifuniko cha Sufuria

Watu wa mtaani bado wananisifu kwa ile barua ya mwaka wa tisini na nne. Wananiita Katibu, wananinunulia chai. Laiti wangejua, hiyo chai wangenimwagia.

Tulikuwa wapangaji kumi na wanne wa nyumba za baraza la jiji, upande wa juu wa bonde la Mathare, na mapendekezo yetu yalikuwa matatu tu. Orodha ya wanaongoja nyumba ibandikwe ukutani kila mtu aone zamu yake, badala ya nyumba kupeanwa kwa mlango wa nyuma. Taka zichukuliwe siku inayojulikana. Na mume akifa, kadi ya nyumba iandikwe jina la mjane wake, asifukuzwe.

Hilo la mwisho lilikuwa la Selpher, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mumewe Shiundu, aliyekuwa fundi kiwandani kule Baba Dogo, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Selpher akaendelea kulipa kodi kwa jina la marehemu, kimya kimya, yeye na watoto wake wanne. Ofisi ya nyumba haikujua. Ingejua, angetolewa siku hiyo hiyo.

Kutia sahihi ndiko kulikotutoa jasho. Mwaka uliotangulia Mzee Zedekiah alikubali jina lake liwe la kwanza kwenye barua ya maji, na wiki haikuisha, watu wasiojulikana wakaja kung'oa mlango wake wakaenda nao. Basi sasa kila mwanamume alikuwa tayari kabisa kuwa wa pili. Mke wangu Kasiva akachoka na sisi. Akaleta kifuniko cha sufuria, akakilaza juu ya karatasi, akachora duara.

"Andikeni majina mkizunguka hapo," akasema. "Tuone nani ataitwa wa kwanza."

Selpher alikuwa bado anasitasita. "Baba Ndindi, mimi nikionekana tu, nyumba imekwenda."

"Mama Opicho, duara halina kichwa wala mkia," nikamwambia. "Tia hapa, karibu na langu."

Akatia.

Tungeliacha hapo, mambo yangekuwa sawa. Lakini mimi na ukarani wangu! Miaka kumi na sita nimepiga taipu katika kampuni ya mbao, nani atanifundisha barua ya ofisi inavyokaa? Ile karatasi ilikuwa hata na doa la mafuta ya sufuria. Nikaona aibu. Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nikaipiga upya kwa mashine ya kazini, mapendekezo juu, na chini majina yote na nambari za nyumba, moja hadi kumi na nne. Lile duara nikaliambatisha nyuma.

Sasa, duara halina kichwa, lakini orodha inacho, na ilibidi nianzie mahali. Miaka yote nimewaambia watu kwamba nilianza na mwanamke kwa heshima. Uongo mtupu. Jina langu lilikuwa kushoto kwa jina la Selpher. Nikianza na langu, mimi ni wa kwanza. Nikianza na lake nizunguke kwenda kulia, mimi ni wa kumi na nne. Nilihesabu kwa kidole mara mbili kuhakikisha.

Kule ofisini walimtazama nambari moja, wakafungua faili ya nyumba yake, wakakuta kadi ya mtu aliyekufa. Siku ya kumi na moja tangu niipeleke barua, askari walikuja asubuhi, wakatoa vyombo vyake nje. Mimi nilikuwa dirishani na kikombe mkononi. Ningeweza kutoka niseme barua ni yangu, katibu ni mimi. Sikutoka. Aliyetoka ni Kasiva, akamsaidia kubeba godoro mpaka chumba cha mabati kule bondeni.

Baada ya miaka miwili pendekezo la wajane lilikubaliwa. Kadi zetu zikaandikwa upya, mume na mke. Nilipomletea Kasiva ya kwetu, hakuigusa.

"Mpelekee mwenye maneno yake," akasema.

Nikashuka Mathare. Nilimkuta Selpher akikatakata sukuma wiki mbele ya kibanda chake. Nikamweleza yote, duara, orodha, kidole. Yeye aliendelea kukata.

"Kumbe ulihesabu," akasema.

"Nilihesabu."

Akaweka kisu chini. "Mimi hata hiyo barua sikuisoma, Baba Ndindi. Niliona jina lako tu. Nikasema, huyu akiwa ubavuni mwangu, sina haja ya kuogopa."

Kisha akanifungia sukuma nimpelekee Kasiva.