Mwenyekiti Aliyekimbia Darasa

Fundi seremala mmoja, ambaye jirani zake walimwita Mzee Randa, alichaguliwa mwenyekiti wa mtaa kwa sababu ya sauti yake. Akiita kikao, hata waliolala huamka. Basi kamati ilipoamua kufungua kundi la simu, watu wawe wanatumiana picha za mabomba yaliyopasuka na mitaro iliyoziba, yeye ndiye aliyepiga makofi ya kwanza. Kuitumia hiyo simu hakujua. Alijua kupokea tu, na hapo napo mara nyingi alikata.

Mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, nesi wa zahanati, akaanzisha darasa la simu kwa watu wazima, kila Jumamosi ukumbini.

"Baba, utakuja?"

"Nitakosaje, mwanangu? Mwenyekiti ndiye anayefungua."

Akalifungua kweli, kwa hotuba ndefu kwamba kusoma hakuna uzee. Kisha akaaga kuwa ana kazi ya haraka, akaenda karakanani kupiga msasa ubao uliokuwa laini tangu juzi. Darasani walibaki watu wanne.

Jioni kundi likafurika ujumbe. Mzee Randa akavaa miwani, akabonyeza huku na kule.

"Wanasemaje?" mkewe akamuuliza.

"Nijulie wapi, mama watoto! Hii simu naiogopa kuliko nilivyomwogopa mama yako. Nimewahubiria watu wasome, halafu mimi mwenyewe nikatoka mbio kama mwizi wa kuku. Mwenyekiti gani mimi? Labda wa viti, kwa kuwa navichonga."

Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Muda wote huo kidole cha mzee kilikuwa kimekandamiza alama ya kipaza sauti. Alipokiinua, maneno yote yakaenda kwa mtaa mzima, na kicheko cha mkewe juu yake.

Punde mkwe akapiga. "Baba, sauti yako imetufikia. Sote."

Mzee akatamani ardhi impasukie. Akaanza kujipangia maneno ya kujiuzulu, huku mkwe akimsomea papo hapo simuni majibu yaliyokuwa yakiingia. Mshona viatu alisema hata yeye akitumiwa picha huitikia "sawa" bila kuifungua. Mama mshonaji akasema simu yake huwashwa na wajukuu, na wao wakienda shule inabaki imelala.

Jumamosi iliyofuata Mzee Randa aliingia ukumbini kofia ameishusha machoni. Watu walijaa hadi ukutani.

"Hotuba yako ya pili imewaleta, baba," mkwe akamnong'oneza, akamkalisha mbele. Hapo akakaripiwa kama mtoto, maana kidole chake kinene kilibonyeza herufi tatu kwa mpigo.

Haukupita muda mrefu, bomba likapasuka nyuma ya soko. Mama mshonaji ndiye aliyewahi kutuma picha, na mafundi wa maji wakafika siku hiyohiyo, kabla uchafu haujaingia majumbani. Mwenyekiti naye hakutaka kupitwa, akatuma yake. Ilikuwa picha ya kipaji chake cha uso, kipana, kinang'aa.

"Mwenyekiti," muuza mboga akaandika, "hapo ndipo panapovuja?"

Mzee Randa alicheka peke yake karakanani. Kisha akaandika, herufi moja moja, bila kusaidiwa na mtu:

"Pamevuja siku nyingi. Mafundi wakimaliza huko, wapite na kwangu."