Ukuta wa Migongo

Pikipiki elfu moja zilipowashwa kwa pamoja kule ufukweni Saint-Wulmer, Edwige Delattre alijikuta ameshika kifua. Kila Februari alijiapia kwamba safari hii hatashtuka, maana mtu mzima hawezi kushangazwa na jambo lile lile mwaka nenda mwaka rudi, na kila Februari kiapo kilimshinda. Ardhi ilitetemeka mpaka magotini. Kisha kamba ikaachiwa, kundi zima likachomoka kwenye mchanga, na wingu likainuka nyuma yao likaifunika bahari. Ndani ya wingu hilo alikuwamo Solène, binti yake wa miaka kumi na tisa, na mama mtu hakuweza kumtambua.

"Haya, wameondoka," akasema Ghislain, mumewe, kana kwamba kulikuwa na mtu ambaye hakusikia.

Edwige hakuogopa binti yake kuanguka. Solène alianza kuanguka tangu ana miaka saba na alikuwa bingwa wa kuinuka. Alichoogopa ni mchanga. Mchanga wa pale ni laini, unakaribia unga aliokuwa akiukanda kila alfajiri kule kwenye duka lake la mikate, na unaingia popote: masikioni, kwenye mkate, ndani ya saa ya mkononi. Ukipenya kwenye chujio la hewa ukaifikia injini, unaisaga pistoni kimyakimya mpaka siku moja injini inatoa mlio mmoja mbaya na kufa. Mwaka uliopita ndivyo ilivyokufa, nusu ya mbio, na kosa lilikuwa la Edwige mwenyewe.

Alikuwa ameliosha chujio tangu majira ya majani kupukutika, akalipaka mafuta vizuri, akalitia kwenye mfuko wa plastiki na kuutundika msumarini gerejini. Kazi safi kabisa. Sasa mafuta nayo ni kitu kinachotiririka. Miezi ile yote yakashuka polepole chini ya mfuko, na sponji ya chujio ikabaki kavu upande wa juu. Siku ya mbio Edwige aliitazama kwa chini, akaiona inang'aa, akaifunga. Mchanga ukatafuta pale pakavu na kupapata. Solène aliisukuma pikipiki kwa mikono hadi nje ya njia, analia ndani ya kofia yake. Ghislain hakumlaumu mkewe hata kwa neno moja, jambo lililomuumiza zaidi.

Aliyesema ni Raoul Vasseur, mzee wa kibanda cha mafundi cha jirani, ambaye mwanawe Bastien hushindana kila mwaka. Alimuuliza mbele za watu kama lile chujio alilipaka mafuta au siagi ya dukani kwake. Watu walicheka sana. Tangu siku hiyo Edwige alikuwa akimpita Vasseur kama anavyopita nguzo ya umeme.

Mwaka mzima waliijenga upya injini ile, kifaa kimoja kimoja. Ilipokamilika, Solène aliipapasa na kuwaambia wazazi wake bila hasira yoyote kwamba hii nayo ikifa ufukweni, basi, anaachana na mbio. Alikwishapata kazi mjini Lille na pikipiki asingehama nayo. Alitaka kitu kimoja tu: kuifikisha kwenye bendera ikiwa hai. Edwige alijua kwamba ombi lile lilikuwa mikononi mwake, tena mikononi hasa, si kwa mafumbo.

Walibishana juu ya chujio kwa wiki nzima. Ghislain alitaka sponji nyembamba, ili injini ivute pumzi kwa uhuru kwenye ule mnyooko mrefu wa ufukwe. Edwige alitaka ya tabaka mbili, nje matundu makubwa, ndani matundu madogo. Akamwambia kwamba pikipiki iliyokufa haina mbio hata kidogo, na hapo mume akakubali. Aliziosha sponji nne kwa dawa yake, si kwa petroli inayolegeza gundi ya mishono. Jioni ya kuamkia mbio akazikanda kwenye mafuta, moja baada ya nyingine, mpaka kila tundu likashika rangi. Na kila alipokanda alistaajabu. Kitu chenyewe ungekikuta jikoni ungeoshea sufuria, lakini hicho ndicho kilichosimama katikati ya injini na ufukwe mzima.

Safari ya kwanza Solène alipoingia kibandani kujaza petroli, kazi ilikuwa nyepesi. Juu ya chujio Edwige alikuwa amevalisha soksi nyembamba ya nailoni. Aliivuta ikatoka na uchafu wote, sponji chini yake bado inang'aa, na binti akaondoka. Ghislain hata alipiga mluzi.

Kisha upepo ukaja. Ulitoka baharini, mkali, ukaanza kuuinua mchanga mkavu na kuurusha juu ya vibanda vya mafundi. Watu walivuta kofia. Solène aliporudi mara ya pili, uso wake ulikuwa wa kijivu mpaka kwenye kope.

"Haivuti, mama," akasema. "Nikikaza gesi inakabwa. Inakosa pumzi."

Edwige akafungua kifuniko cha pembeni kidogo tu, akachungulia, akakifunga upesi. Sponji ilikuwa imevaa ganda la mchanga, nene na limeshikamana, na kwa nguvu ile ya kuvuta, muda si mrefu mchanga ungelazimisha njia.

"Acha hivyo hivyo," Ghislain akamwambia. "Ukilitoa chujio kwenye upepo huu, unaimwagia injini mchanga kooni kwa mkono wako mwenyewe. Amalizie pole pole."

"Hatamaliza. Itamfia njiani kama mwaka jana."

"Na ukifungua itamfia hapa hapa."

Wote wawili walikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomtisha Edwige. Aliagiza turubai. Ghislain akalikunjua, upepo ukalinyakua mikononi mwake ukaenda nalo kwenye vibanda vya nyuma. Solène alikaa juu ya pikipiki, anamtazama mama yake.

Ndipo mtu akaruka kamba ya mpaka wa kibanda. Alikuwa Vasseur, na koti lake refu la mvua. Aliupa upepo mgongo, akalitanua koti kwa mikono miwili, akasimama karibu na pikipiki kiasi kwamba Edwige alisikia harufu ya kahawa yake.

"Fungua," akasema. "Siagi unayo?"

Hakutabasamu. Hapo hapo akaja mwanamke wa kibanda cha tatu na kusimama bega kwa bega na yule mzee. Wakaja vijana wawili Wabelgiji, akaja fundi mmoja mnene ambaye Edwige hakuwahi kumwona maishani, wakaja wengine. Hakuna aliyewaita. Waligeuza migongo yao baharini, wakainamisha vichwa, wakafumba macho na midomo. Miaka yote hii Edwige alikuwa akiona watu wamesongamana namna ile na kudhani wanakingiana moto wa sigara.

Ndani ya ukuta ule palikuwa na utulivu wa ajabu. Mchanga uligonga makoti kwa nje mfululizo, lakini mikononi mwake haikuanguka hata punje. Alifungua kifuniko. Alilitoa chujio chafu kwa mkono wa kushoto, akiliinamisha nje ili ganda lisidondokee ndani, na hapo koo la injini likabaki wazi mbele yake, jeusi, jembamba, limeng'aa. Alilipitishia kitambaa cheupe ukingoni, kikatoka cheupe. Alitaka kulia, akaona si wakati wake. Kwa mkono wa kulia, uliokuwa kwenye glavu safi, alipaka grisi ukingoni, akakalisha sponji mpya, akapitisha kidole kuizunguka yote, akafunga.

"Nenda," akamwambia binti yake.

Solène akaenda, na injini iliimba kwa sauti ambayo kifua cha mama mtu kiliijua. Ukuta ukavunjika hapo hapo. Kila mtu akarudi kwake anatema mchanga, na Edwige alipogeuka kushukuru, Vasseur alikwisharuka kamba yake. Alibaki amesimama na chujio chafu mkononi, zito kuliko mkate wa kilo. Alijiona mdogo, kwa namna nzuri, mbele ya watu asiowajua hata majina.

Saa ya mwisho ilipita kwa kuhesabu. Mzunguko baada ya mzunguko Solène alipita mbele ya vibanda, mzima, na mbio zikakaribia mwisho. Bendera ilikuwa pale pale, mbele kidogo ya vibanda, nyuma ya tuta moja la mchanga. Mafundi wengi walikimbilia kwenye uzio kuangalia. Ghislain alikwishapanda juu ya matairi, anamwita mkewe kwa mkono, maana namba ya Solène ilikuwa imeonekana mwisho wa mnyooko.

Hapo hapo Bastien Vasseur akaingia kibandani kwao anasukuma pikipiki. Alikuwa ameangukia dimbwi la maji ya bahari, chujio limelowa chapa, na injini haiwezi kupumua ndani ya sponji iliyojaa maji. Anayefika kwenye bendera kwa miguu hahesabiwi. Mzee Vasseur alipiga magoti mchangani, chujio kavu kwapani, koti lake amelishika kwa meno kuuziba upepo, na upepo unalipeperusha anavyolishika.

Edwige alitazama uzio. Mwaka mzima alikuwa akiiona picha hii moja tu kwenye ndoto zake: binti anapanda tuta, bendera inashuka. Kisha akaruka kamba.

Alisimama na mgongo baharini, akatanua koti lake la kazi. Watu walikuja watatu tu, wengine wote wako kwenye uzio, na ukuta ulitosha kwa shida. Yeyote angegeuka, mchanga ungepata njia. Na njia ya mbio ilikuwa nyuma yao, upande ule ule wa upepo. Edwige akafumba macho.

Alisikia pikipiki nyingi zikipita. Kisha kati ya zote akaisikia moja, sauti pana, haikwami, haikohoi, inavuta pumzi mpaka chini. Ilipita nyuma ya mgongo wake, karibu kabisa. Ikapanda tuta. Watu wa Saint-Wulmer wakapiga kelele, na kati ya kelele akaitambua sauti ya mumewe, imepasuka.

Machozi yalimtoka Edwige na kuchanganyika na mchanga mashavuni. Chini yake mikono ya mzee ilikuwa ikihangaika na ukingo wa sponji.

"Huyo ni wako," Vasseur akasema bila kuinua kichwa. "Geuka, mama. Geuka umwone."

"Funga kwanza," akamjibu, na hakugeuka.