Rangi Aliyoipenda Mwanarusi

Mwidani alikuwa hodari wa kila kitu baharini isipokuwa rangi. Kasia alijua, mkondo alijua, na kumtoa kolekole mwenye hasira chini ya mwamba bila kukatikiwa na mshipi, pale Shelly Beach walimpita wachache. Lakini mwekee mbele vichwa vitatu vya ndoana vya rangi mbalimbali umwambie achague cha leo, ungemwonea huruma. Angevigeuza, angevinusa, angetazama mbingu, mwishowe angechukua kile kisichofaa.

Vichwa vyenyewe vilikuwa ufundi mpya wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wavuvi wa Likoni waliuona kwa wageni wa hoteli wakaunyakua. Unayeyusha risasi, unaimimina kwenye shina la ndoana, na ikipoa inakuwa kichwa kidogo mfano wa kokwa ya zambarau. Unakipaka rangi, unakifunga manyoya ya kuku shingoni, na samaki akikiona kinarukaruka majini hudhani kapata dagaa. Risasi Mwidani aliitoa kwenye betri kuukuu za magari, akaiyeyusha mwenyewe, kama alivyoyeyusha vizito vya mishipi miaka yote, nyuma ya nyumba yake kule Shika Adabu, moshi ukiingia dirishani na watu wakikohoa kidogo. Rangi ilikuwa ya kucha, ile ya vichupa vya dukani.

"Samaki wako wapakwa rangi ya kucha," mkewe Mwanasaumu alikuwa akimtania, "na mimi mkeo hina yangu ni ya tangu Idi."

Kuhusu rangi ipi ni ya siku ipi, bandani kwa wavuvi watu walikaribia kupigana. Maji yakiwa maangavu, nyeupe. Masika yakishusha matope, njano. Kukiwa na mawingu, nyekundu. Au kinyume chake, kutegemea nani alipata samaki jana, kwa kuwa aliyepata jana leo ni mwanachuoni. Mwidani alisikiliza fatwa zote hizo, akazifuata zote, akarudi na changu wa kuhesabika kwa vidole.

Basi asubuhi moja alikuwa barazani anahangaika na vichwa vyake, na binti yake Mwanarusi amechuchumaa pembeni. Mwanarusi alikuwa mtoto wao wa pekee, aliyepatikana baada ya mimba kuharibika moja baada ya nyingine, hata watu wakaacha kumuuliza Mwanasaumu habari za uzazi. Ndiyo kwanza alikuwa amejua kusema, na alisema kutwa kucha kama kasuku. Alitia mkono kwenye kopo, akatoa kichwa cha kijani, akakitia mdomoni.

"Tamu," akasema.

Mwidani alicheka, akakichukua kikiwa kimelowa mate, akaenda nacho baharini. Siku hiyo yeye na Rashid, mwenzake wa mtumbwi, walipakia kolekole mpaka maji yakakaribia kuingia. Tangu lini kijani kikavua kwenye jua kali vile? Hakuna aliyejua. Mwidani alijua. Mate yale.

Na tusimcheke upesi. Nani katika sisi hakutemewa mate ya baraka utosini na bibi yake alipokuwa anakwenda safari? Kama mate ya kikongwe mwenye dhambi zake yana baraka, itakuwaje ya mtoto ambaye hata kusema uongo hajajua? Hivyo ndivyo Mwidani alivyopiga hesabu yake, na hesabu ilikubali.

Ikawa ndiyo ada. Kila asubuhi alimpakata Mwanarusi akamwekea vichwa kwenye ungo. Mtoto alivionja kimoja kimoja. Asichokitaka alikitema, anachokipenda alikiweka shavuni akakifyonza mpaka baba yake amalize chai. Hicho ndicho kilikuwa rangi ya siku. Ncha za ndoana Mwidani alizichomeka kwenye vipande vya ndara kuukuu mwana asije akachomwa, maana alikuwa baba mwangalifu, hilo lazima lisemwe. Vilivyoanza kubambuka rangi ndivyo Mwanarusi alivyovipenda zaidi. Ndivyo vitamu, alisema.

Mwanasaumu hakupendezwa.

"Baba Mwanarusi, mtoe mtoto chuma hicho kinywani."

"Si chuma, ni risasi. Risasi haipati kutu."

"Hata. Mimi nsingempa."

"Basi watunyimia riziki wewe? Mwache. Ukimpokonya atalia, na mtoto akilia asubuhi bahari hufunga."

"Haya. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Alisema hivyo kama wasemavyo akina mama wote, bila kukusudia zaidi ya kumaliza maneno, akaenda zake jikoni. Mwidani naye hakusikia zaidi ya hapo. Samaki walikuwa wanaingia. Rashid alianza kuleta vichwa vyake navyo vipitishwe kinywani mwa mtoto, na Mwanarusi, ambaye hakuwa na choyo, alivifyonza vyote.

Maradhi hayakuja kwa kishindo. Kwanza mtoto alilalamika tumbo, na tumbo la mtoto nani hushughulika nalo? Akapewa maji ya tangawizi. Kisha akawa hataki kula, hapati choo, uso umeparara. Kisha, na hili lilimtisha Mwanasaumu kuliko tumbo, akaanza kunyamaza. Maneno yalimtoka moja moja. Ndoo aliita "hii". Kuku aliita "hii". Siku moja bibi yake, mama wa Mwanasaumu, alifika, na mtoto akamtazama kwa muda, asiweze kumwita jina.

Mwidani alijua la kusema. Ni husuda. Watu wa bandani hawakupenda samaki wake, na jicho baya halina dawa ila ya Mungu. Akampeleka kwa mwalimu wa chuoni, akaandikiwa kombe, aya za zafarani zikaoshwa kwa maji, mtoto akanywa. Na kwa kuwa baraka ilikuwa imeshambuliwa, Mwidani aliona isiachwe ikafa. Asubuhi aliendelea kumwekea ungo. Mwanarusi hakuchagua tena rangi. Alichukua kilicho karibu akakitia shavuni, akakaa nacho kimya, mate yakimchuruzika kidevuni, na baba yake akayaona mate yale akamshukuru Mungu.

Wiki iliyofuata mtoto alishikwa na degedege uani, mbele ya majirani. Wakavuka feri naye hadi hospitali upande wa mjini. Alitolewa damu, damu ikapelekwa mbali kupimwa, wakaambiwa warudi. Waliporudi, muuguzi alitaka aingie mzazi mmoja, na aingie baba. Mwanasaumu akabaki kwenye benchi la nje na mtandio wake mdomoni.

Muuguzi aliitwa Jerioth, mama wa bara, mnene, mwenye sauti ya taratibu. Alimpakata Mwanarusi, akamfunua mdomo wa chini kwa kidole.

"Mzee, kuja uone hapa."

Kwenye ufizi, chini ya meno, palikuwa na mstari wa rangi ya majivu, mwembamba kama uzi.

"Huyu mtoto anakula nini nyumbani? Anakula rangi ya ukuta? Udongo?"

"Ala! Mwanangu hali udongo. Yuwala samaki."

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Mvuvi."

"Kuna risasi kwa hiyo nyumba? Mabetri?"

Hapo Mwidani akachangamka. Alidhani sasa ndiyo wamefika kwenye kiini, kwamba mama huyu ataelewa ukubwa wa baraka na kwa hiyo ukubwa wa husuda. Akamsimulia yote. Ungo, vichwa, kijani cha siku ya kwanza, jinsi mtoto anavyokiweka shavuni mpaka chai iishe. Alisimulia vizuri, akiinua mkono kuonyesha ukubwa wa kolekole. Alipomaliza alimwona Jerioth ameinamisha kichwa, mkono wake uko juu ya nywele za mtoto.

"Risasi ni sumu, mzee," akasema. "Inaingia kwa damu, inaenda kwa ubongo."

"Haipati kutu," akasema Mwidani.

"Ni sumu."

Alimweleza polepole kwa maneno rahisi. Kwamba ni tamu, ndiyo maana watoto huipenda. Kwamba mtoto mdogo humwingia kuliko mtu mzima. Moshi wa kuyeyusha nao ni sumu, na mama mwenye mimba akiuvuta mimba huweza kuharibika. Iko dawa ya kuitoa kwenye damu, wataandika itafutwe, ikipatikana.

"Na maneno yake?" Mwidani aliuliza. "Dawa ikimwingia maneno yatarudi?"

Jerioth alimtazama. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo kwa wengine na hajalizoea.

"Ile imeharibika kwa kichwa hairudi. Tutazuia isizidi. Pole sana."

Mwidani alitoka na mtoto begani. Mwanasaumu alisimama.

"Wasemaje?"

"Damu yake ni nyepesi. Wataka aongezewe vitamini."

Aliusema uongo huo haraka, akaona jinsi uso wa mkewe ulivyofunguka kwa matumaini, na akajua amemwibia mtu aliyekuwa hana kitu. Kwenye feri hakuthubutu kutazama maji. Alimtazama Mwanarusi, na Mwanarusi alimtazama yeye kwa upendo uleule wa siku zote, maana huo haukuwa umemtoka, na Mwidani alitamani ungemtoka huo yakabaki maneno.

Jioni alichimba shimo nyuma ya nyumba akafukia kila kitu, vichwa, sufuria, mabaki ya betri na vichupa vya rangi. Akamwambia Mwanasaumu anabadili uvuvi, atavua kwa nyavu. Mke alishangaa. Mwanarusi alitambaa mpaka kwenye udongo uliofukuliwa akaanza kuukwangua kwa kucha, akilia bila neno, na baba yake akamnyanyua, naye akarudi pale tena na tena mpaka giza likaingia.

Asubuhi Rashid alikuja. Alikuja anacheka, amembeba mwanawe Mbwana, mtoto wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Shavu moja la mtoto lilikuwa limetuna.

"Mwidani, usihuzunike. Mwanarusi akipata nafuu ataendelea, inshallah. Lakini Mungu hakutuacha. Tazama huyu! Siku zote hizo ulizohangaika na hospitali, huyu ndiye aliyenichagulia. Wallahi ana kinywa kuliko hata wako. Nyekundu, jana, pakiwa na mawingu. Tewa wawili wa kubebwa na watu!"

Mwidani alimtumbukizia mtoto kidole kinywani. Kichwa kilianguka sakafuni, kipande cha ndara kikiwa bado kimeshika ncha yake, na Mbwana akaangua kilio.

"Una wazimu?" Rashid aliruka.

"Ni sumu, Rashid. Usimpe tena. Ndiyo iliyomla mwanangu akili. Wameniambia hospitali, wamenionyesha ufizini. Si husuda, si jicho. Ni sisi. Ni mimi. Nlimpa kwa mkono wangu kila asubuhi, na wewe wampa wako!"

Alikuwa anapiga kelele. Majirani walianza kutokeza vichwa milangoni.

Rashid alirudi nyuma hatua, mwanawe amemkumbatia. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Alipokuwa wako alikuwa malaika," akasema. "Sasa kawa wangu, imekuwa sumu."

"Rashid, ndugu yangu..."

"Mwaka mzima wapiga kelele kuna mtu ana husuda hapa. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Uso wako wauona wewe, hivi ulivyo?"

Mwidani alimfuata, akamshika kanzu, akamsihi kwa mama yake mzazi aliye kaburini. Aliapa kwa Mungu. Alimwambia ampeleke Mbwana hospitali, wavuke sasa hivi, yeye atambeba. Vijana wawili waliokuwa wanapita walimshika mikono kwa heshima, kama anavyoshikwa mtu aliyefiwa. Rashid aliinama, akaokota kile kichwa chekundu, akakipangusa kwenye kanzu. Alipofika kona mtoto alikuwa angali analia, na Mwidani alimwona baba yule akimrudishia kinywani ili anyamaze.

Watu walitawanyika wakinong'ona. Hakuna hata mmoja aliyemwamini. Kesho bandani wangesema Mwidani kaharibiwa na wivu, na wangewapelekea watoto wao vichwa waonje, nao wajaribu bahati. Alisimama pale akiwa na maneno yote ya dunia, na hayakumfaa kitu.

Ndipo alipogeuka akamwona Mwanasaumu mlangoni.

Alikuwa amesimama hapo tangu mwanzo. Hakuna alichohitaji kuthibitishiwa, yeye alikuwa ameamini kabla ya Mwidani kumaliza sentensi ya kwanza. Macho yake yalikuwa makavu. Mwidani alisubiri ampige, amtukane, amkumbushe neno lolote alilowahi kumwambia barazani pale. Alitamani hilo kuliko pumzi.

Mwanasaumu alimpita kama anavyopitwa mtu asiyejulikana. Alikaa kwenye kizingiti, akampakata Mwanarusi, akachovya upindo wa leso yake kwenye maji ya mtungi. Akamfunua mtoto mdomo wa chini, akaanza kusugua ule mstari wa majivu, taratibu, akirudia palepale. Ufizi ulianza kutoa damu. Mtoto hakulia, alimtazama tu mama yake, na Mwanasaumu aliendelea kusugua.